Neno Ninaloliruka

Jumapili, 6 Machi 1994

Nimerudi kanisani na hasira. Mungu anisamehe, lakini ndiyo hali.

Mchungaji Fred kahubiri tena uchaji. Jumapili ya tatu hii! Safari hii hakuwagusa wanaochelewa wala vijana wanaotafuna bablishi kwenye kwaya. Kasema wapo watu, tena wasomi, tena wanaofundisha watoto wetu, ambao wanaimba ibada nzima, lakini tukifika pale pa kuomba rehema wanafunga mdomo. Anayeona aibu kuomba rehema, kasema, huyo hamchi Mungu. Kisha kanitazama. Benchi zima likanitazama. Walimu kanisani kwetu tuko wawili, na mwenzangu alikuwa Mbeya.

Ndiyo, nafunga mdomo. Kila mwanamke aliyeolewa kwenye benchi lile anajua kwa nini. Felista, mwenyekiti wa akina mama, anajua. Na yule aliyekaa mbele na wazee wa kanisa wenzake, koti limepigwa pasi, anajua kuliko wote. Baba mkwe wangu. Alikuwa anatazama dirishani kama mtu anayesubiri mgeni.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza. Jina lake lina neno ndani yake. Kwa Kinyakyusa neno hilo ni rehema. Na nkamwana, mke wa mwana, hatamki jina la baba mkwe, wala neno lolote linalofanana nalo. Ndivyo nilivyofundwa mwaka 91, kanga kichwani, shangazi watatu wananikanya kwa zamu. Kwa hiyo ibada ikifika hapo, naruka. Moyoni nasema rehema kwa Kiswahili, halafu naungana na wenzangu mbele. Mungu ananisikia. Mchungaji haoni midomo ikitikisika, basi imekuwa dhambi.

Jumatatu, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Darasa la tano, nusu hawakuja.

Somo la leo lilikuwa habari ya sungura, na juu ya ukurasa limeandikwa lile neno. Maana Kiswahili nacho kinalo, ila kwa Kiswahili ni hadithi fupi tu. Nikamwambia Anyelwisye asome kichwa cha habari. Akasoma. Nikasema vizuri, haya, hadithi hii inahusu nini? Miaka mitatu nafanya hivyo. Mkaguzi mmoja aliwahi kunisifu, eti nawashirikisha wanafunzi!

Walipokuwa wanaandika nikahesabu ninayoyaruka. Ile sahani ndogo ya kuwekea kikombe, siitaji. Nguo za mtindo mpya anazouza mume wangu, siziiti kama wateja wanavyoziita. Na lile jambo la mtu kulipiza ubaya aliotendewa. Hilo nalo lina jina lake, nalo ni marufuku kwangu. Hata nikikasirika sina maneno kamili.

Jumatano, 9 Machi

Kliniki. Aibu ya mwaka.

Kuna muuguzi mpya, Sia, wa kutoka Moshi. Akauliza jina la mtoto. Nikampa kadi. Kadi ilikuwa imelowa, wino umetawanyika. Akauliza tena, jina la mtoto nani? Nikamwonyesha kadi kwa kidole. "Mama, wewe ndiye uliyemzaa au umetumwa?" Benchi lote likacheka. Mpaka bibi mmoja wa kijiji cha Kinyala aliyekaa kando yangu akamtajia.

Mwanangu ana miezi minne. Babu yake alimpa jina lake mwenyewe siku ileile aliyozaliwa, bila kuuliza mtu. Jina zuri, sikatai. Ila mimi sijawahi kumwita mwanangu kwa jina. Namwita Babu. Njia nzima kutoka Ibighi mpaka sokoni wananiita Mama Fulani, naitika, na hilo Fulani siwezi kulisema.

Sia hakuwa na kosa. Nilimkasirikia hivyohivyo.

Jumapili, 13 Machi

Leo nimejaribu. Walipofika pale nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili: rehema. Wenzangu walikuwa wameshamaliza, neno langu likabaki peke yake hewani. Watoto wakageuka. Mchungaji akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mlangoni Felista akaniingiza chini ya mwavuli wake. Kasema naleta Uswahili kwenye liturujia, Kinyakyusa kimekuwa kidogo kwa walimu siku hizi. Nikamwambia, mama, wewe unajua kabisa kwa nini. Kasema anajua. Ila si yeye wa kumweleza mchungaji mambo ya nyumba ya mzee.

Si yeye. Kila mtu si yeye!

Jumanne, 15 Machi

Nimemwambia mume wangu, Nsajigwa, aende kwa mchungaji. Maneno matatu tu, nipumue.

Mume wangu tangu wampunguze kule kiwanda cha chai, kilipopata wenyewe wapya, anauza mitumba sokoni, na neno lake ni moja: ruksa. Kuuza barabarani, ruksa. Vyama vingi, ruksa. Bia za nje, ruksa. Kila kitu nchi hii sasa ni ruksa. Nikamuuliza, na mimi je? Ruksa kutamka? Akashika kikombe chake. Halafu kasema mzee ndiyo kwanza kachaguliwa uzee wa kanisa, tusimwaibishe. Vumilia, itapita.

Nimeunguza maharage. Ameyala yote, anajua.

Alhamisi, 17 Machi

Barua. Imeletwa shuleni, mbele ya mwalimu mkuu! Naitwa kwenye baraza la wazee wa kanisa Jumamosi saa nne. Sababu: "kutoonyesha uchaji katika ibada". Mtoto wangu yumo kwenye orodha ya ubatizo wa Pasaka.

Jumamosi, 19 Machi

Nitaandika yote.

Chumba kidogo nyuma ya kanisa. Mchungaji mezani, wazee wanne kwenye viti. Na baba mkwe mmojawapo. Nilijua atakuwepo, lakini nilipofika mlangoni nikasimama. Nifanyeje? Nimefundwa nisionane naye uso kwa uso, nisiseme mbele yake. Januari nilikutana naye kwenye njia ya Kawetele, nikaruka na mtoto mgongoni mpaka kwenye mtaro wa chai, tope hadi magotini. Akapita, amegeuza uso, kila mmoja ametimiza wajibu wake.

Basi nikaingia kinyumenyume. Nikakaa chini karibu na mlango, nimewapa mgongo, kanga usoni.

Mchungaji akaona huo ndio ushahidi wenyewe. Kawaambia wazee, tazameni, hata mbele ya watumishi wa Mungu anageuza mgongo. Kaniambia nigeuke. Sikugeuka. Kaniuliza kwa nini nakataa kuomba rehema. Sikujibu. Ningejibuje na yeye yupo? Kauliza tena kwa Kinyakyusa chake cha chuoni, maana kazaliwa Morogoro, baba yake alifanya kazi reli:

"Mwalimu, unamtiila Kyala?"

Kumtiila Kyala, Mungu! Neno lilelile. Siku ya harusi yangu shangazi zangu waliniambia: umtiile baba mkwe. Umwogope, umheshimu, umpishe njia, usimtamke. Na Mungu ndiyo hivyohivyo, umtiile. Lugha yetu haikupata maneno mawili. Nimekaa chini sakafuni kwa sababu namtiila mmoja, nahukumiwa kwamba simtiili mwingine, na yule wa kwanza amekaa kitini ananihukumu!

Nikamsikia anakohoa. Namjua kikohozi chake hata gizani. Nikasema moyoni, sasa. Sasa anawaambia. Neno moja tu, baba.

Kasema dirisha lifungwe, mvua inaingia.

Nilitolewa nje, wakajadili, nikaitwa tena. Hukumu: mtoto atabatizwa Pasaka iwapo tu mama yake atasimama mbele ya kanisa, peke yake, atamke ombi la rehema mara tatu kwa Kinyakyusa. Kisha atatamka jina la mtoto. La sivyo asubiri mpaka atakapomrudia Mungu.

Nimrudie kutoka wapi?

Jumapili, 20 Machi

Sikwenda. Nimefua.

Jumatatu, 21 Machi

Nimekwenda mwenyewe kwa mchungaji, nyumbani kwake, baada ya vipindi. Mkewe alinipa chai. Nikaeleza yote, tangu kufundwa mpaka mtaro wa chai. Sikutaja jina, nikamwambia alifumbue mwenyewe. Akalifumbua. Macho yakamtoka. Nikadhani nimepona.

Hapana. Alifurahi! Kasema basi ndiyo vizuri zaidi, itakuwa ushuhuda. Kanisa litaona binti wa Mungu akivunja minyororo ya mila siku ya ufufuo. Alishachukua kalamu. Nikaona mahubiri yanatungwa mbele yangu, na mimi ndiye mfano.

Nikamuuliza, na mzee mwenyewe? Mtamwambia?

"Nilishawauliza wazee wote habari za mila tangu mwezi uliopita. Yeye alisema nyumbani kwake mambo hayo yaliisha zamani."

Yaliisha! Januari hii nimeruka mtaroni na mtoto mgongoni. Yaliisha! Mwaka jana nilisahau nikapita mbele yake na sufuria, akakataa kula siku nzima mpaka mama mkwe akaniombea msamaha. Yaliisha! Anataka aogopwe nyumbani na asifiwe kanisani. Vyote viwili, kwa kikombe kimoja. Na anayelipa ni mdomo wangu.

Chai ya mke wa mchungaji niliiacha nusu. Adabu iliniishia.

Alhamisi, 24 Machi

Mama mkwe kaja na ndizi na kuku, kuku amefungwa miguu. Ana desturi ya kuleta kuku akiwa na jambo zito.

Aliketi jikoni, akamchukua Babu, akamtazama muda mrefu. Halafu kanieleza kitu ambacho sikuwahi kukijua. Kuna neno kwenye Baba Yetu yeye hajalitamka tangu aolewe. Lipo kwenye jina la baba mkwe wake, marehemu. Akifika hapo anaweka lake, linalofanana kwa mbali. Na mama wa kulia kwake kanisani naye ana lake. Na Felista. Eti Felista kwenye zaburi ya mchungaji mwema anaruka mstari mzima! Kasema benchi la akina mama wote wana matundu kwenye sala zao, kila mmoja na tundu lake, wanaimba kwa pamoja na hakuna anayesikia.

Nikamuuliza, na Mungu? Kasema Mungu anajua tulichoruka. Ameshajaza mwenyewe.

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika upya. Wanawake arobaini wanajua! Wamekaa kimya wote, mimi nimetolewa mbele kama mwizi wa kuku. Nikamwambia hivyo. Hakukataa. Kasema kosa langu ni kufunga mdomo. Wao hawafungi, wanapachika. "Mwanangu, wewe uliruka kwa uaminifu mno."

Yaani ningedanganya midomo, ningekuwa mcha Mungu.

Jumapili ya Matawi, 27 Machi

Mchungaji katangaza. Pasaka kutakuwa na ushuhuda wa pekee, watu waje mapema. Hakutaja jina langu, hakuna haja. Mpaka wa Kinyala wanakuja.

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Jumapili iliyopita, wakati sipo, kiwanda kilituma gari la kubeba majani ya chai, na watu wa Kawetele wanasema shamba lake lilichumwa. Siku ya Bwana! Mzee wa kanisa! Sikuulizwa, sikusema. Ningesema ningekuwa na hatia ya kumtaja.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Mama mkwe tena. Safari hii bila kuku. Kaleta ujumbe kutoka kwake.

Mzee anataka mtoto abatizwe. Anataka abatizwe kwa jina lake. Ila hawezi kukaa mbele ya kanisa akisikia jina lake likitoka kinywani mwa mkwewe. Tangu jana hajala. Kwa hiyo ameona njia: nifunge shingo na kitambaa, niseme sauti imekauka. Nsajigwa ataongea badala yangu.

Nimeuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa. Siku aliyosulubiwa Bwana! Mzee wa kanisa ananiagiza niseme uongo madhabahuni ili nimheshimu yeye. Mama mkwe alikuwa anatazama jiwe la kusagia. Kasema yeye ametumwa tu.

Nsajigwa akasema kitambaa kipo, tena cha sufu, kwenye mitumba yake. Nimemtupia kata.

Baada ya ibada nimekaa na Babu ananyonya, mvua ikigonga bati. Nikakumbuka Novemba, usiku wa uchungu wangu. Gari halikupatikana, vijana wakanibeba kwenye machela. Na baba mkwe alitangulia. Hatua ishirini mbele ya machela, mvua ileile, mwavuli ameushika chini ya kwapa hakuufungua, mpaka hospitali. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilikuwa naona mgongo wake tu kila taa ya vijana ilipomulika. Alipofika getini akasimama kando, ameelekea ukutani, mpaka nilipopitishwa.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa upendo au ni sheria tu. Nachukia kwamba sijui. Ningekuwa na uhakika kwamba ni mtu mbaya, leo ningelala vizuri.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimepiga pasi gauni la ubatizo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mdomo unafunguka, ulimi unafika kwenye meno, sauti inagoma. Mara tisa. Babu ananicheka.

Kitambaa cha sufu kipo mezani. Nsajigwa kakiweka, kakikunja vizuri.

Jumapili ya Pasaka, 3 Aprili

Chumba kidogo nyuma ya kanisa, kilekile cha baraza. Naandika na penseli, daftari nimelificha chini ya nepi. Tumeambiwa tusubiri humu mpaka tuitwe. Nsajigwa ametoka kutafuta maji. Kanisa limejaa hadi nje, naona miavuli dirishani. Kitambaa sikukivaa. Nimekileta, kimo kwenye kapu.

Ameingia.

Nilisikia kikohozi kwanza. Mlango ni mmoja, mtaro haupo, pa kuruka hakuna. Nikajifunika kanga, nikageukia ukuta. Naye akageukia dirisha. Tumesimama hivyo, migongo inatazamana, mtoto katikati kwenye meza. Nje wanaimba.

Halafu akasema. Hakuniambia mimi, alimwambia mtoto, kama wanavyofanya wakwe wakibanwa.

"Babu, mwambie mama yako nimekaa benchi la mbele. Sitatoka."

Akatoka.

Sitatoka! Ni ruhusa au ni kitisho? Atakaa avumilie, au atakaa anitazame nithubutu? Miaka mitatu, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa, na hata hayo hakunipa mimi. Nimpigie kelele nani sasa? Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Yangu ingetetemeka kwa hasira. Yake sijui kwa nini.

Wamefika kwenye ombi. Nasikia kupitia ukuta, kanisa zima, lile neno, mara ya kwanza. Najua sasa pale katikati akina mama wanapachika, kila mmoja neno lake.

Mkono kwanza, mdomo baadaye.

Gwakisa.

Gwakisa. Wa rehema. Gwakisa baba wa Nsajigwa, Gwakisa mwana wa Nsajigwa. Kisa cha sungura. Kisahani. Kisasa. Kisasi!

Ukuta haukuanguka. Mtoto kapiga chafya tu.

Felista amefungua mlango, anasema mwalimu, zamu yenu. Macho yake ni mekundu, naye alikuwa analia nini? Nsajigwa yuko nyuma yake na maji. Nafunga daftari. Kanga naiacha hapa kwenye kiti.